Moto Peke Yake Hautoi Chuma: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Haya yameandikwa kwa walimu wa kemia, mafundi sanifu wa maabara na vijana wa klabu za sayansi, kuanzia Mwanza mjini, Magu na Ukerewe hadi Sengerema, Geita na Bukoba. Yanahusu kazi moja tu: kuitoa metali kwenye oksidi yake. Kazi hiyo imefanyika kando ya Ziwa Viktoria kwa takriban miaka elfu mbili, lakini mwanafunzi wa leo huikariri kwa ajili ya mtihani na kuisahau wiki inayofuata. Inasahaulika kwa sababu inafundishwa vibaya. Na inapofanywa kwa vitendo bila utaratibu, inaumiza na inaua. Kwa hiyo sitambembeleza mtu.

Usimwambie mwanafunzi kwamba jiwe "linayeyushwa" mpaka chuma kitoke.

Chuma hakijajificha ndani ya jiwe kikingoja joto. Kimefungamana na oksijeni. Katika kilo moja ya oksidi nyekundu ya chuma iliyo safi, gramu kama 700 ni chuma na gramu 300 ni oksijeni. Ipashe moto peke yake kutwa nzima kwenye tanuri la kijijini. Ikipoa utakuta bado ni jiwe. Kinachotakiwa ni kitu kitakachoivuta oksijeni kwa nguvu kuliko chuma kinavyoishika, na kitu hicho ni kaboni.

Hapa ndipo walimu wengi wanapopita haraka, na ndipo wanapopaswa kukaa. Mkaa ndani ya tanuri una kazi mbili. Ya kwanza ni kutoa joto. Ya pili, ambayo ndiyo kiini cha mada yote, ni kutengeneza gesi. Mkaa unaoungua karibu na mdomo wa mrija wa hewa hutoa kaboni dayoksidi. Gesi hiyo inapopanda katikati ya mkaa mwingine uliokolea moto hugeuka kuwa kaboni monoksidi. Kaboni monoksidi ndiyo inayopenya kwenye vitundu vya jiwe na kulipokonya oksijeni yake hatua kwa hatua: oksidi nyekundu inakuwa nyeusi, ile inayovutwa na sumaku, kisha inakuwa oksidi yenye oksijeni pungufu zaidi, kisha chuma. Gesi inatoka juu ya tanuri ikiwa imebeba ilichopokonya.

Mwanafunzi akiuelewa upokonyaji huu, hatahitaji kukariri kwa nini shaba hutoka kirahisi, chuma hutoka kwa taabu, na alumini haitoki kabisa kwa moto wa mkaa bali hutolewa kwa umeme. Ataona mwenyewe kwamba kila metali inaishika oksijeni kwa nguvu yake. Andika mfuatano wa metali ubaoni, weka kaboni katikati, na uache ubaoni wiki nzima. Zinki, chuma, risasi na shaba ziko chini ya kaboni. Alumini, magnesi, kalisi, sodiamu na potasiamu ziko juu yake.

Anza na tanuri la Buhaya, ndipo uende kwenye tanuri la Ulaya.

Vitabu vyetu vinaonyesha mnara wa kiwanda uliochorwa kwa mishale, wenye majina ya nchi ambazo mtoto wa Buchosa hajawahi kuziona. Mnara huo ni sahihi, naye ataukuta kwenye mtihani. Lakini si mahali pa kuanzia kwa mtoto aliyezaliwa kando ya ziwa ambalo mwambao wake wa magharibi, kwenye maeneo ya Katuruka na ghuba ya Kemondo katika Buhaya, nchi ya Wahaya mkoani Kagera, una masalia ya matanuri ya chuma ya zamani za kale.

Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery, wote wa Chuo Kikuu cha Brown cha Marekani, waliwaomba wazee wa Kihaya wafue chuma tena kwa njia waliyoiona ujanani. Kazi hiyo ilikuwa imekoma miongo kadhaa kabla, majembe ya viwandani yalipofurika sokoni. Wazee walifanya, wakakosea, wakarekebisha, na chuma kikatoka. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science.

Fundisha walichofanya, kipande kwa kipande, maana kila kipande ni somo la kemia. Walichimba shimo na kulikandika kwa udongo wa kichuguu, ambao unastahimili moto. Wakajaza humo matete ya bondeni na kuyachoma mpaka shimo likajaa makaa ya matete. Juu ya shimo wakajenga kuta kwa mabonge ya mavi ya chuma ya zamani, yaani uchafu ulioganda wa matanuri yaliyotangulia, wakiyashika kwa udongo ule ule wa kichuguu. Kuzunguka chini wakachomeka mirija minane ya udongo, iliyoingia mbali ndani ya tanuri, na kila mrija ulikuwa na mvukuto wake wa ngozi ya mbuzi. Mkaa na mawe ya chuma, yaliyokwisha kuchomwa kwanza kwenye moto wa kuni, viliingizwa kwa juu.

Sasa mwulize mwanafunzi: matete yale yaliyoungua ni ya nini? Usimpe jibu upesi. Uchafu wa jiwe, hasa silika, huungana na sehemu ya oksidi ya chuma na kuwa kitu kinachoyeyuka kwenye nyuzijoto kama 1,200. Chuma safi hakiyeyuki mpaka 1,538. Kwa hiyo ndani ya tanuri uchafu hutiririka kama maji mazito na kushuka shimoni, kwenye makaa ya matete, huku chuma kikibaki kigumu na kujikusanya kuwa bonge lenye matundumatundu. Matete yanaupa uchafu nafasi ya kushuka, na kaboni yake inaendelea kuipokonya oksidi iliyobaki. Hayo hayamo kwenye mchoro wa mnara, kwa sababu kule chuma hutoka kikiwa kimeyeyuka.

Kwa shule za Geita, Chato na Sengerema, wataje pia Warongo, wafua chuma wa kusini magharibi mwa ziwa, ambao majembe yao yalilima mashamba ya Usukuma. Mtoto wa huko asisome habari za chuma kama habari za wageni.

Usitie chumvi.

Nalisema hili kwa ukali kwa sababu nawasikia watu wazima wakiwadanganya watoto kwa nia njema. Usiseme Wahaya ndio waliokuwa wa kwanza duniani kufua chuma. Anatolia, nchi ya Uturuki ya leo, walikuwa na chuma zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Kristo. Usiseme kwamba wataalamu wote wanakubaliana na kila alichoandika Schmidt. Yeye na Avery walidai kwamba hewa ilipata joto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye mkaa, na kwamba ndiyo maana tanuri lilipata joto la kupita nyuzijoto 1,800. Wataalamu wengine wa metali walilipinga dai hilo waziwazi katika miaka ya 1980, wakisema hewa inayopita kwa kasi haipati muda wa kupata joto kiasi hicho. Mwambie mwanafunzi mabishano hayo yalivyo, na umwachie kazi ya kufikiri jaribio litakaloyapima. Ufundi wa wazee wale unasimama wenyewe. Kuokota mawe ya bondeni na mkaa wa msituni na kutoa jembe ni kazi kubwa, haihitaji kupambwa kwa uongo.

Choma jiwe kwanza, livunje, lichekeche.

Kuchoma kunafukuza maji yaliyoshikamana na oksidi na kulifanya jiwe lipasuke, ili gesi ipate njia. Vipande vikubwa gesi haivifikii katikati; vumbi nalo huziba pumzi ya tanuri. Na si kila udongo mwekundu ni jiwe la chuma. Wekundu unahitaji oksidi kidogo sana, na changarawe nyekundu ya barabarani aghalabu ina udongo na silika tele. Pima uzito mkononi, jaribu kwa sumaku baada ya kuchoma na mkaa, ndipo uamue.

Usiwashe tanuri, wala jiko la mkaa, ndani ya chumba. Kamwe.

Gesi inayoitoa metali kwenye oksidi ndiyo hiyo hiyo inayoua familia usingizini. Kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Ikiingia kwenye damu hushika mahali pa oksijeni kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu huanza kuumwa kichwa, kichefuchefu na ulegevu, hudhani ni malaria au uchovu, hulala, na haamki.

Mwalimu anayefundisha upokonyaji wa oksijeni bila kuitaja hatari hii ameacha sehemu ya somo inayookoa maisha. Sema darasani, kwa maneno haya haya: jiko la mkaa lililowekwa chumbani usiku wa mvua ili kuleta joto ni tanuri dogo linalotengeneza gesi ya tanuri. Mkaa uliofunikwa kwa majivu, ambao hauna moshi na unaonekana mpole, ndio hatari, kwa sababu unaungua kwa hewa pungufu. Wavuvi wanaolala kwenye vibanda vya mabati na maturubai katika makambi ya visiwani waambiwe. Mama anayepika dagaa ndani ya chumba kimoja chenye dirisha lililozibwa aambiwe. Ukimkuta mtu amezidiwa, mtoe nje kwenye hewa kwanza bila wewe kukaa humo, kisha mpeleke hospitali hata kama amezinduka, na umweleze daktari kwamba kulikuwa na mkaa ndani.

Klabu ya sayansi inayojenga tanuri la mfano ijenge uwanjani, mbali na madarasa, upepo ukiwapuliza watazamaji mgongoni wanapolitazama tanuri. Hakuna anayeinamia mdomo wa juu kuchungulia. Mwenye kuingiza mkaa na jiwe atumie koleo lenye mpini mrefu, na asikae hapo muda mrefu.

Katika maabara, pendelea mkaa kuliko hidrojeni.

Jaribio la kupitisha hidrojeni juu ya oksidi nyeusi ya shaba ni zuri. Unga mweusi unageuka mwekundu wa shaba mbele ya macho ya darasa, na matone ya maji yanajikusanya kwenye sehemu baridi ya neli. Lakini hidrojeni ikichanganyika na hewa huwaka kwa kiwango chochote kati ya asilimia 4 na 75, na katika sehemu kubwa ya viwango hivyo hulipuka, na vioo huruka. Shule isiyo na miwani ya kinga ya kutosha na skrini ya kinga isilifanye. Sisemi lifanywe kwa uangalifu. Nasema lisifanywe.

Shule yenye vifaa ifuate utaratibu huu bila kuruka hatua. Pitisha hidrojeni kwanza, moto ukiwa haujawashwa popote. Kusanya gesi inayotoka mwisho wa neli kwenye testitubu na uipeleke mbali, kwenye mwali ulio upande mwingine wa chumba. Ikilia kwa mlio mkali, hewa bado imo. Subiri na urudie. Ikiungua kimya, ndipo uwashe gesi inayotoka na kuanza kupasha oksidi joto. Ukimaliza, zima moto unaopasha, lakini acha hidrojeni iendelee kupita mpaka shaba ipoe. Ukiikata mapema, hewa itaingia, na shaba ya moto itairudisha oksijeni yote uliyohangaika kuitoa.

Kwa shule nyingi za kata, mkaa unatosha na unafundisha vizuri zaidi, kwa sababu unaweza kupimwa. Twanga mkaa uwe laini. Pima gramu 2 za oksidi nyeusi ya shaba. Kwa hesabu, kaboni inayohitajika ni gramu 0.15 tu, lakini mkaa wetu si kaboni tupu na haugusi kila chembe, kwa hiyo weka mara mbili. Changanya vizuri, weka kwenye testitubu inayostahimili moto mkali, na unganisha neli inayopeleka gesi kwenye maji ya chokaa. Pasha kwa nguvu. Maji ya chokaa yatachafuka na kuwa meupe, na hapo darasa zima litakuwa limeona oksijeni ya shaba ikiondoka ikiwa ndani ya kaboni dayoksidi. Itoe neli kwenye maji kabla ya kuondoa moto, la sivyo maji yatafyonzwa kurudi kwenye kioo cha moto na kukipasua.

Acha ipoe kabisa. Kisha mimina kwenye bilauri yenye maji na uzungushe taratibu. Mkaa utaelea au kubaki juu, shaba itazama. Mwaga cha juu, rudia, kausha, pima. Shaba haiwezi kuzidi gramu 1.6. Mwanafunzi akileta 1.8, usimpigie makofi: ama oksidi imebaki, ama mkaa umo, ama hakukausha. Mrudishe akatafute ni ipi. Akileta 1.3, mwulize nyingine imekwenda wapi. Mwanafunzi anayeandika 1.6 bila kupima ni wa kukemewa, hata kama jibu lake ni "sahihi".

Akiungua mtu, maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si majivu, si yai.

Usiguse mchanganyiko wa unga wa alumini na oksidi ya chuma.

Vijana wanauona kwenye simu zao na wanautaka. Ni kweli kwamba alumini huipokonya oksidi ya chuma oksijeni kwa nguvu mno, na mafundi wa reli duniani hutumia njia hiyo kuunganisha vipande vya reli papo hapo njiani. Joto lake hupita nyuzijoto 2,000, chuma hutoka kikiwa kimeyeyuka, na hakuna namna ya kuuzima ukishaanza. Ukiumwagia maji, maji hugeuka mvuke kwa mlipuko na kurusha chuma cha moto kila upande. Ufundishe ubaoni kwa hesabu. Unga wa alumini ufungiwe kabatini, na ufunguo ukae kwa mwalimu.

Usichanganye somo hili na dhahabu.

Kanda ya Ziwa ni nchi ya dhahabu, na mwanafunzi wa Geita au Misungwi ana ndugu kwenye karasha au plenti. Atauliza. Mjibu sawasawa. Dhahabu haishikwi na oksijeni; imo ndani ya jiwe ikiwa dhahabu. Uchenjuaji wake ni kuitenga, si kuipokonyea oksijeni. Tena katika kuisafisha, kazi huenda kinyume: metali duni zilizochanganyika nayo ndizo zinazoungana na oksijeni, na oksidi zake huyeyuka ndani ya boraksi na kuachana na dhahabu. Mwanza ina kiwanda cha kusafisha dhahabu tangu 2021. Mwalimu anayeweza kuwapeleka vijana huko na awapeleke, akiwa ameshawaeleza tofauti hii.

Na zebaki isitajwe kama kitu cha kujaribu. Mchimbaji mdogo anayechoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu jikoni anafanya zebaki igeuke mvuke, kwa kuwa huchemka kwenye nyuzijoto 357 tu, na mvuke huo unakwenda kwenye mapafu ya watoto wake na hatimaye ziwani. Hakuna somo la kemia linalohitaji jambo hilo lionyeshwe.

Kadhalika, vyuma chakavu vinavyonunuliwa mitaani na kupelekwa kwenye viwanda vya Nyakato jijini Mwanza kuwa nondo havitolewi kwenye oksidi. Ni chuma kinachoyeyushwa upya. Ni kutu yake tu ndiyo oksidi.

Simulia miiko ya wazee kwa heshima, lakini usiirudishe.

Wafua chuma wa zamani walikuwa na mambo yao ya kufanya na kutofanya, makali kuliko haya yangu. Walijitenga na wake zao wakati wa kazi, wakaweka dawa kwenye shimo, wakalihesabu tanuri kama tumbo la mama linalozaa. Usimruhusu mwanafunzi yeyote acheke. Watu wasio na kipimajoto walihitaji nidhamu ya kuwaweka macho pamoja usiku na mchana, na miiko ilikuwa sehemu ya nidhamu hiyo. Ila wanawake waliwekwa mbali na tanuri, na hilo tusilirithi. Katika tanuri la klabu, wasichana wavute mivukuto, wapime mkaa, washike koleo. Nimeona shule ambako wavulana wanafanya jaribio na wasichana wanaandika ripoti. Ikomeshwe.

Hesabu mkaa.

Kila tanuri ni mti. Klabu inunue mkaa wenye kibali, ijenge tanuri dogo mara moja kwa mwaka, na ipime kilo zilizoingia na chuma kilichotoka. Takwimu hizo ziwekwe kwenye daftari la shule ili darasa la mwakani lipunguze mkaa.

Usiokote mavi ya chuma.

Ukitembea Katuruka au shamba lolote la migomba upande wa Kagera, unaweza kukutana na bonge jeusi, zito kuliko linavyoonekana, linang'aa pale lilipovunjika, na upande mmoja lina mistari iliyoachwa na matete. Vipande vya mirija ya udongo navyo vimo, ncha zake zikiwa zimegeuka kioo kwa moto. Wanafunzi hutaka kubeba, na walimu huwaruhusu "kwa ajili ya maabara". Msibebe. Bonge lililohamishwa limepoteza zaidi ya nusu ya habari zake: lilikuwa kina gani, karibu na shimo gani, pamoja na mkaa upi ambao ungepimwa umri. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 nayo inalinda vitu hivi, na kuchimba bila leseni ni kosa.

Pigeni picha likiwa pale pale, na rula kando yake. Andikeni jina la kijiji, mwelekeo na umbali kutoka barabarani. Mwenye shamba aombwe ruhusa kwanza na ashukuriwe mwisho, na aelezwe kwamba kitu hicho kina thamani mahali kilipo, asikitupe anapopalilia wala asiwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu. Nakala ya taarifa ibaki kwa mwenyekiti wa kijiji, nyingine iende kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Shule ikihitaji kipande cha kuonyesha darasani, itengeneze chake kwenye tanuri lake.